Rubeni Mwingereza na Chai ya Saa Kumi

Mwalimu Rubeni Mogesi alikaa Uingereza majuma machache tu, ila sisi majirani zake wa Nyamisangura, hapa Tarime, tunakaa huko pamoja naye mwaka wa tatu sasa. Kanisa lake lina urafiki na kanisa moja la kaskazini mwa nchi ile. Walitaka mtu wa kuwatembelea, na kwa kuwa Rubeni anafundisha Kiingereza, wakamchagua yeye. Aliondoka na koti la kuazima. Akarudi na darubini, buti za kupandia vilima, na mapenzi ya nchi ile ambayo mkewe Elieth alisema angepata nusu yake tu asingelalamika tena.

Mimi ninauza vitenge ng'ambo ya barabara, mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo sikukosa kitu. Nilisikia habari za ngome zilizobomoka ambazo watu wanalipa kuziona, na kuta za mawe zinazopanda vilima vyenye kondoo peke yao, bila mchungaji. Nilisikia jinsi wanavyokwenda ufukweni mvua ikinyesha, wakala samaki na chipsi ndani ya gari, vioo vimefungwa, wakarudi nyumbani wakisema wamefurahi sana. Kuna pia mchezo wao wa kriketi, unachezwa siku nzima na jioni unaweza usiwe na mshindi, na hakuna anayepigana.

Kila Jumamosi alivaa buti zake akaenda kutembea vilimani, bila jembe, bila ng'ombe, bila anakokwenda. Bodaboda walisimama wakamuuliza: "Mwalimu, umekwama?" Siku alipokwenda Mugumu na walimu wenzake kuingia mbugani, wenzake walitazama simba, yeye akawapa simba mgongo akatazama kwa darubini kandege ka kijivu juu ya mti. Kule Uingereza alikuwa ameona wazee wazima wamesimama stesheni wakiandika namba za treni, kwa starehe tu. Sisi hapa treni hatuna. Akaenda kusimama barabara ya Sirari, iendayo mpakani, akaandika namba za malori. Madereva wakamdhania mtu wa ushuru, na mmoja akamfuata na soda baridi na maneno matamu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Hayo yote tulimpenda nayo. Lililonikera ni moja, nalo ni habari ya hodi.

Siku zake za kwanza kule alitoka asubuhi akaenda kumsalimia jirani wa wenyeji wake, kama mtu mwenye adabu. Mama wa nyumba alifungua mlango nusu, akatabasamu, wakaongea hapo hapo kizingitini. Hakumkaribisha. Baadaye wenyeji wake walimweleza kwa upole kwamba kule mtu anapiga simu kwanza, mnapanga siku. Rubeni aliniambia mwenyewe kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze. Basi aibu ile hakuiacha kule. Alirudi nayo Tarime, akaiita ustaarabu, akaanza kutugawia. Jumapili saa kumi jioni ikawa saa ya chai, kwa walioalikwa tu. Ambaye hakualikwa aliishia getini.

Mtu mmoja hakuwahi kumcheka, mama yake mkubwa Felista, wa kijijini Genkuru. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, mama yake mzazi alipofariki. Aliuza hata ng'ombe wake wa maziwa ili mtoto amalize chuo cha ualimu. Rubeni alimletea kikombe chenye picha ya basi jekundu la ghorofa, na bibi yule, ambaye hata Musoma haijui, akataka asimuliwe yote: kondoo wa kule wana mikia ya namna gani, mvua yao ikinyesha udongo unanukia nini. Aliposikia habari ya chai ya saa kumi, akaanza naye kunywa saa kumi, kwa kikombe kile, na wakwe zake, wake za wanawe, wakajua saa hiyo hasumbuliwi.

Rubeni alimwahidi kurudi na picha za safari, akishazisafisha mjini. Ahadi ikachakaa. Kila nilipomuuliza alinijibu, "Bado, Mama Sabaha, shule imenibana." Jumamosi za vilimani hazikubanwa na kitu.

Jumapili moja nilikuwa mezani kwake, nimealikwa, pamoja na mkuu wa shule yake na mkewe. Mikate ilikuwa imekatwa pembe tatu, ndani imewekwa matango. Tukasikia pikipiki, kisha hodi. Alikuwa baba yake mdogo, Mzee Nchagwa, ametoka Genkuru, vumbi mpaka kwenye nyusi. Rubeni aliinuka akamfuata getini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Kuna jambo?"

Hapo ndipo alipokosea, na Mkurya yeyote angemwambia. Neno zito halitolewi watu wamesimama. Mzee akija na neno anaketishwa, anapewa maji, anakula kilichopo, ndipo anaulizwa habari za alikotoka. Ukimuuliza getini, anakujibu ya getini.

Mzee Nchagwa aliutazama mlango wa nyumba, kisha akamtazama kijana wake. "Nyumbani wanakuomba siku," alisema. "Utafika lini?"

Rubeni alicheka kwa furaha. "Sasa tunakwenda vizuri, baba mdogo! Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jumamosi."

"Hakuna ya karibu zaidi?"

"Jumamosi, saa kumi. Na picha nitakuja nazo."

"Saa kumi," mzee alirudia, akapanda pikipiki.

Rubeni alirudi mezani akijikuna kidevu kwa kuridhika. "Mmesikia? Wameanza kuelewa."

"Rubeni," nilimwambia, "mzee yule hajanywa hata maji."

"Wamepata siku yao, Mama Sabaha. Wameridhika." Akanimiminia chai nyingine. Nilikasirika, ila nilikuwa mgeni mezani kwake na mkuu wake wa kazi alikuwepo.

Mama Felista alifariki Alhamisi alfajiri. Wakamzika Jumamosi.

Nilikwenda na Elieth. Rubeni alikuwa amevaa lile koti alilokwenda nalo Uingereza, na mfukoni alikuwa na bahasha ya picha. Alizisafisha Jumatano. Baada ya maziko watu walikaa kwenye viti uani, na Mzee Nchagwa akaja kuketi karibu naye. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Baba mdogo, kwa nini hukuniambia kwamba amezidiwa?"

"Ningekuambia wapi, mura? Pale getini?"

"Mngepiga simu basi!"

"Sisi tulitaka kupiga. Mama yako alikataza. Alisema, mwanangu siku hizi hashtukizwi, mwanangu anaombwa siku. Nendeni mkaombe vizuri, msimwaibishe mbele ya wageni wake. Ndiyo nikaja kuomba."

Rubeni aliukamata mfuko wa koti wenye bahasha.

"Nilipompelekea jibu la Jumamosi alifurahi," mzee aliendelea. "Alisema Jumamosi siyo mbali. Akataka kiti chako kiwekwe kando ya kitanda."

Sijawahi kumwona mwanaume mzima akiona aibu namna ile. Alitaka kuinama, lakini watu walikuwa wakimtazama. Alitaka kuinuka aondoke, lakini aondoke aende wapi, na pale ndipo kwao? Akabaki amekaa wima, mikono juu ya magoti, na machozi yakashuka mpaka kwenye kola ya koti. Bahasha ya picha ilikuwa imechungulia mfukoni, na mara mbili nilimwona akiisukuma ndani ili isionekane.

Mmoja wa wakwe wa marehemu akatoka ndani na kikombe chenye picha ya basi jekundu, kimejaa chai ya maziwa, kinafuka moshi. Akapiga goti mbele yake, akampa kwa mikono miwili.

"Mama alituagiza," alisema. "Ukifika unywee humu, yeye awe anakutazama."

Rubeni alikipokea. Chai ilimwagika vidoleni, naye hakukiweka chini. Alikishika tu, hakuweza kukipeleka mdomoni wala kumrudishia yule mama.

Mzee Nchagwa alilitazama jua, akamwekea mkono begani.

"Kunywa, mura," alisema. "Saa kumi hii."