Siku Pikapu Yetu Ilipokataa D

Wenzangu wa rika langu, ninyi mliobeba samadi kwa majani ya mgomba kila Ijumaa ili tusiribe sakafu ya darasa, sogeeni nikwambieni. Wiki jana gari langu lilinisimamia karibu na soko la Kamukuywa. Injini inanguruma, mimi nakanyaga mafuta, gari halisogei. Akaja fundi, kijana mwenye kimashine, akakichomeka chini ya usukani na kukitazama kioo chake kwa muda. "Mathe, ni giaboksi," akasema. "D ya kwenda mbele haishiki." Badala ya kulia nikaanza kucheka. Kijana akarudi nyuma hatua moja, akadhani nimechanganyikiwa.

Angejua! Mimi nimelelewa karibu na Naitiri, na nilipokuwa na miaka tisa, D isiyoshika ilikaribia kumnyima dada yangu Nanjala harusi yake. Na kosa lilikuwa langu. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Utoto wetu ulikuwa na raha yake, bana! Tulicheza kati, wa katikati akikwepa mpira wa mifuko ya nailoni, tukaruka bladda, ile kamba ya tyubu, mpaka magoti yakaota sugu. Mahindi tuliyachoma jikoni kwa Senge, yaani shangazi yetu, dada yake Papa, ambaye boma lake lilipakana na letu. Mapera tuliyala mabichi mpaka tumbo likafunga siku mbili. Mayi, mama yetu, alituita mara moja tu. "Nekesa, nikiita mara ya pili nitakuja na mwiko." Hakuna aliyewahi kuisikia hiyo mara ya pili. Mimi leo wanangu nawatumia ujumbe wakiwa chumba cha pili, na wananijibu kwa kikatuni cha dole gumba.

Papa, baba yetu, alikuwa mkulima wa mahindi. Mwaka mmoja alivuna vizuri, akaenda Kitale kwa basi na kurudi na pikapu ya kijani, kuukuu, milango imeliwa na kutu. Kijiji kizima kilitoka. Lo, gari halina klachi! Wazee walichungulia ndani, wakahesabu vikanyagio, wakapata viwili, wakasema Papa ameuziwa gari ambalo limeshaibiwa kimoja. Kando ya gia palikuwa na herufi: P, R, N, D, na mwisho kabisa L. Papa alifundishwa P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya kusukumwa na D ya kwenda mbele. L hakuambiwa ni ya nini, naye hakuuliza. Mguu wake wa kushoto ulikosa kazi, basi aliukunja juu ya kiti kama mtu anayekula ugali kwenye mkeka. Tulijiona wafalme.

Sasa, habari ya r na l kwetu Bungoma mnaijua wenyewe. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la nne alikuwa mgeni, na kila asubuhi alitusimamisha tuseme, "Rais amelala." Darasa zima tukaitikia kwa nguvu zote, "Lais amerara!" Maskini alishika kichwa. Aliyekosea alisimama kwa mguu mmoja mpaka kengele ilie, na mimi nilisimama kwa mguu mmoja karibu muhula mzima. Mwishowe nikabuni dawa yangu. Nikisikia mtu wetu akisema l, naigeuza r kabla sijaitamka. Akisema r, naigeuza l. Dawa ilifanya kazi! Siku moja nikapigiwa makofi mbele ya darasa, na tangu hapo kichwa kikanivimba.

Wiki ya harusi ya Nanjala pikapu ikaanza visa. Mara inanguruma bila kwenda, mara inaruka kama imechomwa mwiba. Uani ikaacha madoa ya mafuta mekundu, na Senge alipoyaona akapiga yowe, "Hii gari imechinja nani?" Papa akanichukua tukaenda Kitale kwa fundi. Fundi alimsalimu Papa kwa Kibukusu safi kabisa, nami nikajua huyu ni mtu wetu. Papa akavuka barabara kununua mchele wa harusi. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa, akakunja uso.

"Mafuta imeungua," akaniambia. "Giaboksi inataka kufunguliwa yote, lakini harusi si ni kesho kutwa? Mwambie babako hivi: D ikikataa, aweke L. Ataenda polepole mpaka afike."

L! Nikamhurumia moyoni. Naye angesimama kwa mguu mmoja. Papa aliporudi na mchele, nikamwambia kwa sauti ya mwanafunzi bora, "Fundi amesema D ikikataa uweke R, utaenda polepole mpaka ufike." Papa alinitazama kidogo, akatingisha kichwa, akakubali. Neno la fundi kwake halikuwa na mjadala.

Jumamosi ikafika. Yaani siku ile! Kuku wanakimbizwa, sufuria zinagongana, akina mama wanapiga vigelegele tangu jua lichomoze. Mchungaji alikuwa na harusi mbili siku hiyo, naye alikuwa amesema, "Saa tano. Ikipita saa tano nafunga kitabu, naenda kwa ile nyingine." Bwana harusi, Simiyu, alikuwa amepata kazi mbali sana na alipaswa kusafiri Jumatatu. Nanjala asipofungishwa ndoa siku ile, Simiyu angeondoka peke yake, na hakuna aliyejua angerudi lini. Nanjala hakuwa amelala wala kula.

Kwetu, Senge ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli. Mayi alibaki nyumbani kama desturi yetu ilivyotaka, na Senge akampa Nanjala sharti moja. "Ukitoka kwa hii gate, usiangalie nyuma. Msichana akiangalia nyuma, ndoa inamrudisha." Nanjala akaitikia. Akaketi mbele, mimi katikati na kikapu changu cha maua, Papa kwenye usukani na mguu wake umekunjwa. Waimbaji wakajazana nyuma. Papa akatoka kinyumenyume mpaka barabarani, akanyoosha gari kuelekea kanisani, akaweka D.

Injini ikanguruma. Gari likakaa.

Akarudisha N, akaweka D tena. Wapi! Papa jasho likamtoka mpaka kwenye tai. "Nekesa, fundi alisema nini?"

"Alisema R!"

Akaweka R. Ee Mungu wangu, pikapu ilishika kwa nguvu mpaka waimbaji wakaangukiana! "Inaenda! Inaenda!" wakapiga kelele. Ndiyo, ilikuwa inaenda, lakini ilikuwa inaturudisha Naitiri. Papa akakanyaga breki, akawaza. "Polepole mpaka ufike," akajisemea. Kisha akatoa kichwa dirishani. "Wanaume, shukeni! Tunageuza gari. Tutaenda kanisani kinyumenyume."

Akaweka N. Wanaume wakashuka, wakashika, wakasukuma huku na huku wakihesabu moja, mbili, tatu. Lakini Senge alikuwa ametanua mikono barabarani. "Hapana! Ati mumuelekeze mtoto nyumbani siku ya harusi yake? Mnataka arudi hapa na mabegi mwezi ujao?" Wanaume wakaachia. Saa ilikuwa inakwenda. Papa akamtazama dada yake, akamtazama bintiye, asijue amtii nani.

Ndipo Nanjala akainua shela usoni. "Senge, mimi nimekaa tu. Ni gari ndiyo inarudi nyuma. Mimi naenda mbele." Halafu akawapigia wanaume kelele ambayo sikujua anayo. "Si mgeuze gari!"

Likageuzwa! Senge mwenyewe alicheka akashika kiuno, akasukuma.

Wenzangu, safari ile siwezi kuisahau. Papa kapinda shingo anatazama nyuma, waimbaji wanakimbia kando wakimwelekeza, "Kuria! Kushoto! Kuria tena, mzee!" Giaboksi inalia uuuu, kuku wanaruka, mwenye baiskeli ya miwa akajitupa mtaroni mwenyewe bila kuguswa. Watoto wa kijiji kizima walitufuata wakipiga makofi. Barabara yetu ilinyooka ikishuka mpaka mtoni, kisha ikapanda upande wa pili mpaka kanisani, na kioo cha mbele kilitazama nyumbani njia nzima.

Pale langoni nikamwona Mayi. Alikuwa ametoka aone kelele ni za nini. Alisimama na leso yake ya njano, na alipoona uso wa Nanjala unamtazama kutoka ndani ya gari linalokwenda zake, akaivua ile leso akaanza kuipunga. Akapunga, akapunga. Nanjala hakugeuza macho. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, akinibana mkono mpaka maua yangu yakavunjika. Mpaka tukavuka mto leso ilikuwa bado inaonekana.

Tuliingia kanisani mkia mbele. Simiyu alikuja mbio kumpokea bibi harusi, akakutana na matairi ya akiba na gunia la mkaa, ikabidi azunguke gari lote kumtafuta. Mchungaji alikuwa mlangoni na kitabu chini ya kwapa. Akatazama saa, akatazama pikapu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ingieni," akasema. Vigelegele vikapaa!

Fundi wa Kitale alikuwa mmoja wa waalikwa. Alininyemelea pembeni wakati wa kula. "Wewe, nilikwambia nini?"

"R."

"Nilisema L. L ya Lugulu. Hiyo ingewapeleka mbele taratibu, bila kugeuza kitu."

Kumbe hakuwa mtu wetu! Alikuwa mtu wa mlimani, wa Elgon, aliyejifunza Kibukusu sokoni, na r na l zake zilikuwa sawasawa kabisa. Fundi alinionea huruma, na baadaye akaifungua giaboksi ile akaitengeneza bila kumwambia Papa kosa langu.

Basi wiki jana, nikiwa pale Kamukuywa na kijana yuko chini ya gari, nikampigia Nanjala simu. Sasa anaishi Bungoma mjini, ana wajukuu. Nikamwambia yote: mwalimu, mguu mmoja, L niliyoigeuza R. Nikamwomba msamaha kwa hofu aliyoipata siku yake kubwa.



"Nekesa," akasema, "Mayi hakumaliza mwaka ule. Mimi nilikuwa mbali, nilikuja kumkuta kwa jeneza. Ungesema L, mama ningemwacha mgongoni. Ile leso ndiyo niko nayo mpaka leo."

Enzi zile hatukuwa na picha za simu, wala video, wala mtu wa kurusha harusi moja kwa moja. Mtu ulimwona kwa macho yako au hukumwona. Wanangu wana picha zangu elfu ndani ya simu, na sijui kama kuna siku wamenitazama kwa muda mrefu hivyo.

Kijana akatoka chini ya gari akijipangusa mikono. "Mathe, mbele haiendi kabisa. R peke yake ndio inashika. Lakini sasa R itakupeleka wapi?"

Nikacheka, na machozi yakanitoka mbele yake. "Keti hapo," nikamwambia, "nikwambie."