Flashi Iliyopitia Lusangi

Wenye diploma wamejaa Kabambare, munakuja kuniomba mimi niandike maisha ya Lukumani. Mimi niliyeacha shule kalamu bado inanishinda. Haya. Mutu asinisahihishe.

Lukumani ni mwanangu, mupiga picha. Iko na ordinatere moja, kompyuta yake ya kazi, na pano ya umeme wa jua juu ya nyumba. Ndoa, ubatizo, Idi, wafu wetu, wote walikuwa ndani ya ile ordinatere. Dada yake Safia, aliyekufa akijifungua, alikuwa hapendi picha. Lukumani alimupata mara moja tu, anapepeta muchele, anacheka. Kila Ijumaa nilikwenda kumuangalia humo.

Watu wanaleta flashi zao, flashi zinaleta virusi. Iko programu ya kutafuta virusi vilivyojificha, lakini isipopata habari mpya za mutandao haitambui virusi vipya. Mutandao wetu ni mubaya. Basi akamutuma Roger, wa pikipiki, akachukue habari hizo Kasongo, azilete kwa flashi.

Roger akarudi, matope mpaka shingoni.

"Hukuichomeka popote?" Lukumani akamuuliza.

"Lusangi tu, njiani. Shemeji zangu walitaka nyimbo."

"Roger, si nilikukataza?"

"Niwanyime shemeji nyimbo? Wakimuchukua dada yao, wewe utanipikia?"

Mwanangu akacheka. Hapo njo ninamulaumu. Alijua hatari, lakini barabara ile humurudishi mutu Kasongo kwa siku hiyo. Akachomeka. Kirusi cha Lusangi kikaingia pamoja na dawa yake, kikaitangulia, na programu ikaandika kila kitu kiko sawa.

Kesho yake hakuna picha iliyofunguka. Akaipakata ordinatere kwenye pikipiki mpaka Kasongo. Mafundi wakashindwa. Akarudi, akaniambia, "Mama, majina yote yapo. Sura hamna."

Sasa ameifunika kwa kitenge, anakaa pembeni yake. Watu wanakuja kutafuta picha za wafu wao, anawajibu warudi kesho. Wanarudi. Anawajibu vilevile. Mimi nikifumba macho, sauti ya Safia inakuja, sura haiji. Nimeomba, nimefunga. Haiji.

Nimeandika mulichotaka. Sasa na wewe unayesoma, kama ulicheza kwenye ndoa ya Safia kule Kasongo, angalia kama yumo kwenye simu yako. Hata akiwa nyuma ya watu, hata nusu uso. Picha hiyo usiitie kwenye flashi. Panda pikipiki, ulete simu yenyewe, uniwekee mukononi.