Siku Niliyogeuza Simu Nyuma ya Pazia

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na robo alasiri, nilipoishika simu ya mwalimu wetu wa maigizo na kubonyeza kitufe cha kurusha mubashara. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu naona haya. Mbele za watu ulimi wangu hufungika, lakini nikiwa nyuma ya simu naweza kusoma chochote.

Igizo lilikuwa hivi: bibi mgonjwa amelala nyuma ya pazia la leso, wajukuu wake wanagombana sebuleni, na watazamaji wanaandika shida zao. Mimi nazisoma kwa sauti, bibi anajibu papo hapo. Bibi mwenyewe alikuwa rafiki yangu, ninayekaa naye dawati moja. Babake alimruhusu kwa sharti moja tu, kwamba sura yake isionekane mtandaoni. Ndiyo maana tukamtungia sehemu ya sauti peke yake, na kusema kweli yeye ndiye aliyelibeba igizo. Mama mmoja wa Watamu aliandika kuwa mumewe anakoroma mno. Bibi akajibu, "Mrudishe kwa mamake, huko ndiko alikofunzwa." Vicheko vikajaa kwenye kioo, watazamaji wakapita mia.

Kisha mtu akaandika kuwa hakuna bibi wala nini, sauti hiyo imerekodiwa tangu jana. Wengine wakamuunga mkono. Watu wakaanza kutoka, wakabaki sabini, wakabaki hamsini. Mwalimu alikuwa upande wa pili akiwaongoza wajukuu, hakuona. Ningemwomba bibi alitaje jina la huyo mbishi, ingetosha kabisa, lakini hilo lilinijia baadaye. Wakati ule niliwaza tu kwamba tunaitwa waongo. Nikapiga hatua mbili, nikaipitisha simu ukingoni mwa pazia.

Alikuwa amekaa sakafuni, mtandio ameuvua kwa joto, anajipepea kwa daftari. Alinitazama mdomo wazi. Nikairudisha simu haraka. Hazikufika sekunde tano, lakini maoni yakafurika: kumbe yupo kweli, tena mrembo. Watazamaji wakarudi. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Magharibi rafiki yangu akanipigia. Shangazi yake, mfanyakazi wa hoteli kule Bofa, alikuwa akitazama, na picha ilishamfikia babake.

"Baba kaniuliza," alisema. "Nimemwambia simu ilikuteleza. Si ilikuteleza?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaniambia basi, nisijali, ila yeye maigizo ndiyo mwisho. Babake hakunikasirikia hata kidogo. Alisema mimi ni mtoto wa adabu, labda mikono ilitetemeka tu.

Asubuhi, kabla ya kanisa, nilikwenda kwao. Babake alikuwa uani anatengeneza mnyororo wa baiskeli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Sikumtazama usoni. Nilimwambia simu haikuteleza. Niliigeuza mwenyewe, na sharti lake nilikuwa nalijua, na bintiye hakujua kama ningefanya vile. Akajifuta grisi vidoleni, kidole kimoja kimoja. Nilipoinua macho nikamwona rafiki yangu mlangoni na ndoo ya maji. Sijui alikuwa amesikia mangapi.

"Mimi umeniambia," babake akasema. "Yeye je, umemwambia?"

Nikamwendea pale mlangoni, nikayasema yote tena.