Ndege Iliyovishwa Nondo

Kabaidi, yale mawe ya kutoa gesi ya kuchomea vyuma, ikiguswa na maji hunuka kama kitunguu saumu kilichooza. Juzi fundi kijana wa karakana ya jirani, hapa Isevya, mtungi wake wa gesi ulimwishia, akatoa pipa la zamani la marehemu baba yake, akalitia kabaidi. Harufu ikaruka ukuta. Nikaacha geti nililokuwa nalipaka rangi, nikakaa juu ya ndoo, na wateja wakadhani mama fundi kapandwa na presha. Haikuwa presha. Ilikuwa ni baba yangu.

Haya nayaandika kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la nne, wala si kwa ujinga. Ndilo hasa ninalotaka kuwaambia. Mkiona herufi zimekwenda upogo, zisomeni hivyo hivyo.

Baba alikuwa fundi wa kuvisha baiskeli. Nyinyi wa miji mikubwa hamlijui jambo hili. Kwetu Unyamwezini baiskeli mpya ikitoka dukani haipandwi. Hupelekwa kwanza kwa fundi, aivishe nondo: kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, chini ya bomba la katikati, kwenye keria. Ndipo ibebe magunia ya mkaa, marobota ya tumbaku, madebe ya asali. Baba alisema babu zake walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, na njia yao ilipita nyuma ya nyumba yetu. "Mnyamwezi halaumu mzigo," alikuwa akisema, "hulaumu bega." Wateja walilipenda neno hilo. Mimi nililichukia baadaye.

Nilipofika darasa la nne, kaka yangu Maganga alikuwa amekwisha fariki. Nilichojua ni kwamba alianguka na baiskeli kwenye barabara ya Urambo akiwa na mzigo, basi. Nyumbani jina lake halikutajwa tena. Baba aliacha kuongea wakati wa kula.

Akaja kuongea siku padri mmoja mgeni, mzee aliyekuwa akirudi kwao, alipomwachia makaratasi ya ramani ya ndege ndogo ya watu wawili. Padri alitaka kuijenga mwenyewe, macho yakamwishia. Alimwachia na injini ya gari lile dogo lenye mgongo kama kobe, akamwonya: "Fundi, ndege haijengwi kama baiskeli. Uzito ndio adui." Baba akaitikia kwa heshima zote. Padri alipopanda treni, baba akasema, "Yule ni mtu wa sala."

Vipimo vya ramani vilikuwa vya inchi na vipande vya inchi. Paipu zilizokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam zilikuwa za milimita. Ramani ikitaka paipu ya robo tatu ya inchi, hiyo ni milimita kumi na tisa na chembe. Zilizokuwepo ni za kumi na nane na za ishirini. Baba akachukua ishirini. Ukuta wa paipu ramani ilitaka usifike milimita moja. Zilikuwepo za moja na za moja na nusu. Akachukua moja na nusu. Kila palipokuwa na njia mbili, baba alishika ile nzito.

Mikono yangu ilikuwa midogo, ikipita ndani ya maungio mahali ambapo yake ilikwama. Asubuhi moja, nimeshavaa sare, akanizuia mlangoni.

"Kalunde, mayu, mwanangu, vua hiyo. Ndege ikiruka utarudi shule. Tena utakaa kiti cha nyuma, mwalimu akutazame kwa chini."

Mama alikuwa anapepeta mtama. "Na isiporuka?"

"Mke wangu, usiniapize."

Nilivua. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, sijisifu, nasema kilichokuwepo. Nikaitundika sare kwenye msumari nyuma ya mlango, nikaamini itashuka hapo ndege ikipaa. Kuanzia siku ile sikuomba mvua wala nguo ya sikukuu. Niliombea lile lichuma.

Kazi yangu nyingine ilikuwa pipa letu la gesi ya kuchomea. Maji yakidondoka mengi juu ya kabaidi, gesi inafura na moto unatapatapa. Yakiwa machache, moto unasinzia. Moto wa mitungi hutulia, wa pipa letu ulikuwa na hasira zake. Paipu nyembamba zilitoboka kama karatasi ya maandazi, na baba akawa anasema, "Unaona? Gesi yetu inataka chuma kinene." Nikakubali. Lakini siku moja nilipatia matone, moto ukasimama mdogo, wa buluu, umechongoka kama mwiba, na baba akaunga paipu mbili nyembamba bila tundu hata moja. Ungio lilipanda magamba madogo kama ya perege. Alilitazama muda mrefu. Akalikanyaga, akalipinda kwa mikono. Ungio likashika, ila paipu yenyewe ikakunjika. Akatupa zote kwenye vyuma chakavu, akaenda kuchukua nene. Juu ya nene akaongeza nondo kwenye pembe zote, kama anavisha baiskeli ya mkaa.

Mabawa alishona Bwana Seifu, fundi cherehani, kwa kitambaa cha marekani, tukakipaka uji wa muhogo ili kikaze. Mbuzi wa jirani akalamba bawa la kushoto mpaka likatoboka. Bwana Seifu alilitia kiraka huku akicheka, halafu akajaribu kuinua mkia wa ndege, akaacha kucheka.

"Fundi, hiki kizito. Hata mwewe ukimvisha koti la mvua, atatembea."

"Wewe shona, Seifu."

"Nashona. Nakwambia tu, watu wataleta karanga wakae watazame."

Na kweli walileta karanga. Ilikuwa kiangazi, kwenye mbuga kavu kando ya ile njia ya misafara ya babu zetu, nyasi zimekwisha chomwa. Nusu ya Isevya ilikuwepo, na mwalimu wangu pia, na baiskeli yake. Baba mbele, mimi nyuma, nimefungwa kwa mipira ya ndani ya tairi. Nilikuwa nimevaa sare. Mama hakunikataza.

Injini ikanguruma, meno yakagongana. Tukakimbia, tukakimbia, majivu ya nyasi yakanijaa puani. Nikatazama chini nione ardhi ikituacha. Haikutuacha. Tukarudi mwanzo, tukakimbia tena. Mara ya mwisho gurudumu likapanda kichuguu, tukarushwa juu kama kwa teke, na kwa kitambo kifupi hakukuwa na kitu chini yangu. Hiyo ndiyo anga yangu yote. Tukashuka kwa kishindo, tukaburuzika, injini ikazima.

"Toroli lina mabawa!" mtu akapiga kelele.

"Fundi, lipakie tumbaku ulipeleke Kaliua!"

Baba aliruka chini, akanifungua, akanipapasa mikono, miguu, shingo. "Umeumia?" Nikasema hapana. Akazunguka ndege akigonga kila ungio kwa ufunguo wa nati. Kisha akasimama mbele ya watu wale waliokuwa wanashika mbavu, uso wake unang'aa, akasema, "Mmeona? Haijapinda hata moja." Nilimwona mpumbavu. Mwalimu wangu akapanda baiskeli yake, akaondoka bila kuniangalia.

Mwaka uliofuata ile ndege ilikatwa ikawa keria na vitanda. Kuhusu shule sikuambiwa neno, nami sikuuliza. Kwetu mtoto hamdai baba. Sare ilikuja kuwa tambara la kufutia mafuta. Nikabaki karakanani, nikajua kuchomea kuliko wanaume wote wa mtaa huu, nikajenga nyumba hii ninamoandikia, kwa fedha ya mageti na madirisha.

Mama alikuwa mzee sana aliponiambia habari ya Maganga. Baiskeli ilikuwa mpya. Baba alisema ataivisha kesho, kuna kazi ya mteja. Maganga hakungoja, akaipakia mkaa, na foku ikakatika mteremkoni. "Baba yako aliniletea kile kipande cha foku," mama akasema, "akaniuliza ningependa akiweke wapi."

Hapo nikalikumbuka lile ungio zuri, la magamba ya perege, lililotupwa kwenye vyuma chakavu. Hakushindwa kuunga nyembamba. Hakutaka kuniweka juu yake. Tangu siku aliyoniahidi kiti cha nyuma, alikuwa anajenga kitu cha kuanguka nacho, si cha kuruka nacho, na siku ile mbugani hakuna aliyefurahi kuliko yeye. Ila ahadi ya shule aliifunga kwenye kuruka.

Vijana wa bodaboda huniletea pikipiki mpya niwavishie nondo. Navisha vizuri, wala sicheki. Paipu za baba nimezielewa. Shule sijamsamehe.