Kidole Kilichouita Upinde wa Mvua

Nilipokuwa mtoto kule Murera, kidole changu cha shahada kilimuua kaka yangu. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa wiki tatu, na wiki tatu za mtoto wa miaka minane ni ndefu kuliko barabara ya kutoka Ruiru hadi Thika.

Shosho, mama yake baba, alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili. Lakini upinde wa mvua hakuuamini hata kidogo. Aliuita mukunga-mbura, jitu la majini linalotoka mvua ikikatika, likitafuta mifugo na watoto wa kumeza. "Usiunyooshee kidole," alituonya. "Ukiunyooshea, umeuonyesha kwenu ni wapi." Aliyesahau akanyoosha, ilibidi akiume kidole hicho papo hapo.

Jitu letu lilikaa timboni. Watu walichimba pale mawe ya kujengea, wakaondoka, wakaacha shimo wazi, mvua ikalijaza. Alhamisi moja upinde ulisimama juu yake, mguu mmoja ndani ya maji. Kaka yangu Njuguna, miaka kumi na moja, mikono mfukoni, akaanza kunichokoza.

"Wambui ni muoga! Hata kidole hawezi nyosha."

Nikanyoosha.

Alicheka mpaka akainama. "Haya, uma sasa!"

"Siumi."

Nilijivunia ubishi wangu kwa siku mbili. Jumamosi mchana, rafiki zake wawili walikuja mbio kutoka timboni wamebeba shati lake. Yeye walikuwa wamemwacha majini.

Sikumwambia mtu. Nilirarua kipande cha fulana yake kuukuu nikakifunga kidole, nikaanza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kila mtu alikuwa na kilio chake. Nani angeona kidole cha mtoto? Majirani waliotuletea uji walinong'onezana kwamba mukunga-mbura haiji bomani bila kuitwa. Nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikatazama chini.

Mama alikuwa mvunja kokoto. Aliketi mchana kutwa, nyundo mkononi, akigeuza jiwe kubwa kuwa mawe madogo. Wiki ya tatu baada ya mazishi hakwenda kazini. Alikwenda kanisani, akang'oa miche ya kayaba iliyojiotea chini ya ua, ile yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Akaipanga kwenye karai, akachukua jembe, akaniambia nimfuate. Tulipofika timboni alianza kupanda, mche baada ya mche, kulizunguka lile shimo.

Jirani yetu, Mama Kari, alisimama njiani na mtungi wake.

"Mama Njuguna, kwani ni nini hii unafanya? Mukunga-mbura haizuiliwi na miiba."

"Sizuii mukunga-mbura," mama alisema bila kuinua kichwa. "Nazuia watoto."

"Na shimo si yako!"

"Mtoto alikuwa wangu."

Mama Kari aliweka mtungi chini. Akainama, akashika mche.

Mimi nilikuwa nawapa miche. Mwiba ukanidunga, damu ikapenya kwenye kile kitambaa, ndipo mama akakiona.

"Hiyo kidole iko na nini?"

Nilimwambia yote. Alhamisi, ubishi, kutokuuma. Mama aliketi kwenye matope, nami nikajua kwamba sasa ananichukia.

Manyunyu yakaanza. Shosho akaja kutuita, gunia kichwani. Kisha jua likatoka upande wa Theta, na upinde ukasimama juu ya timbo, mzima, rangi zote.

"Msiangalie!" shosho alipiga kelele.

Mama alisimama. Akainua mkono wa kulia. Kidole chake kilipondwa na nyundo kabla sijazaliwa, kikapinda kama msumari uliong'olewa. Akakielekeza pale pale kwenye upinde.

"Baba!" aliita, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Wewe ndio uliweka hiyo kitu huko juu. Ulimwambia Nuhu ukiiona utakumbuka. Haya, mimi nakuonyesha. Nimezika mtoto. Kumbuka!"

Akafungua kitambaa changu, akaushika mkono wangu, akauinua pamoja na wake.

"Nyosha, Wambui. Ni maji ilimuua, na shimo watu waliacha wazi. Kwa nini Mungu aliachilia, sijui, na nitamuuliza mpaka siku nitamuona. Lakini si wewe."

"Woi, Ngai!" alisema shosho. Kisha akatoa mkono chini ya gunia, akanyoosha naye. Halafu, haraka, akakiuma kidole, akidhani hatumwoni. Mama akacheka, machozi yakimtiririka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya mateso: kwamba ni mtihani, kwamba ni somo. Mama hajawahi kusema kifo cha Njuguna kilikuwa chema. Alikibeba mpaka mbele za Mungu jinsi kilivyo, kisha akarudi kushika jembe. Hiyo ndiyo imani aliyonirithisha, nami natembea nayo kichwa juu. Siku za Pasaka, somo likifika kwenye taji ya miiba, huwa anavitazama viganja vyake.

Leo Murera imejaa ploti na nyumba za mawe. Ua wa kayaba umemzidi mtu kimo, na ndani ya maji yale hakuna mtoto mwingine aliyeingia. Wageni wakiuliza njia huambiwa, "Ukifika kwa ua ya Mama Njuguna, kata kushoto." Hivyo kila siku mtu fulani, asiyemjua, hulitaja jina la kaka yangu.

Mvua zilizopita nilisimama pale, na upinde ukatoka. Niliunyooshea kidole, kidole hiki hiki ninachoandikia, nikasema, "Njuguna."

Sikukiuma.