Mshenga Aliyeona Baba Mkwe Wawili

Ninalisimulia hili kwa sababu wakwe wa mpwa wangu wameshalisambaza Kilosa nzima, na wanalitia chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Wiki ile niliamka hapa Mikumi nikaona vitu vyote viko viwili viwili. Daktari akasema kisukari kimeunyima damu mshipa wa fahamu wa sita, uzi mwembamba utokao kwenye shina la ubongo hadi kwenye msuli mmoja tu wa jicho, na kazi yake ni kulivuta jicho nje, upande wa sikio. Wa kulia umegoma, basi jicho limeelekea puani. "Litapona taratibu," akasema, akanipa kitambaa. "Ila lifunike."

Na mimi ndiye mshenga wa mpwa wangu Rashidi, barua ya posa inatakiwa Kilosa Jumamosi. Mshenga gani anaingia ukweni amefunga jicho kama katoka kupigana kilabuni? Nikakitia kitambaa mfukoni. (Digrii ninayo, akili sijui niliiacha wapi.)

Njiani nikagundua kwamba nikigeuza uso kulia, nikatazama kwa pembeni, viwili vinakuwa kimoja, nikaingia hivyo hivyo ukumbini. Shangazi wa binti akanong'ona watu wote wakasikia: "Mbona anatutazama kama anachagua mbuzi mnadani?"

Nikanyoosha uso, na hapo Mzee Athumani, baba wa binti, akawa wawili. Nikachagua wa kulia. Nikainama, "Shikamoo mzee," nikatoa barua kwa mikono miwili, nikaachia. "Marahaba" ikatokea kushoto. Barua ikatua kwenye beseni la kunawia.

"Amelewa!" Shangazi akasimama. "Saa nne asubuhi! Binti yetu haendi kwa walevi."

"Mjomba, sema kitu," Rashidi akaniomba, shati limelowa jasho. Nami nikaanza kuhutubia, na kila nilipotamka "shina la ubongo" wakazidi kuamini nimekunywa.

Mzee Athumani, aliyestaafia reli, akainua kidole. "Fuata hiki, usigeuze kichwa." Akakipeleka kulia kwangu. "Haya, tazameni. Jicho moja limefika stesheni, lingine limekwama njiani. Huyu mgonjwa. Bwana mshenga, hospitali hawakukupa kitu?"

Nikatoa kitambaa mfukoni. Akakitazama, akanitazama.

"Kwa hiyo bora kijana wako akose mke, kuliko wewe uonekane na jicho moja?"

Nikakifunga jichoni. Mzee akabaki mmoja.

Posa walikubali, kwa sharti la shangazi: barua iandikwe upya, na niilete nimefunga jicho, nianze na shikamoo toka mlangoni. Nikaileta. Baada ya miezi mitatu jicho lilipona, na siku hizi daktari akisema vaa, navaa palepale mbele yake. Shangazi yeye hajapona: kila tukikutana ananisalimia mara mbili, mara ya kwanza mimi, mara ya pili ukuta ulio kando yangu.