Nahodha Aliyepigiwa Kura

"Kabla sijatimiza miaka arobaini na tano," alitangaza Bethuel Njoroge, "nitamzungusha mke wangu Edah kisiwa cha Korfu, Ugiriki, kwa yoti ya matanga, na usukani nitaushika mwenyewe."

Aliyasema hayo akiwa juu ya kiti kwenye ukumbi wa kanisa kule Saltley, Birmingham, Krismasi ya mwaka 1976, mbele ya watu tisini na sinia la maandazi. Hakuwa amelewa. Kanisa lile hunywa chai tu, na hapo ndipo alipojiharibia. Mtu akijigamba kwa pombe husamehewa asubuhi; akijigamba kwa chai, watu wanaandika tarehe.

Bethuel alikuwa mtu wa Limuru, mahali ambapo maji huja kwa sura mbili, ukungu na sufuria. Alifika Birmingham mwaka 1967 kusomea uhasibu, akaiacha kozi katikati kama wafanyavyo watu wenye akili, akaingia kiwanda cha magari cha Longbridge kufunga milango. Alikuwa akisema kwamba nusu ya milango ya magari nchini inafunga vizuri kwa sababu yake, na ile nusu nyingine ilifungwa na zamu ya usiku.

Mkewe, Edah Mumbua, mtu wa Machakos, alikuwa muuguzi. Bahari alikuwa ameiona mara moja tu, kwenye safari ya shule kwenda Mombasa, dakika arobaini, kisha wakaitwa kwenye basi. Katika miaka tisa ya ndoa Bethuel alikuwa amemwahidi Uskoti, Paris na sofa inayokunjuka kuwa kitanda. Sofa ilikuja. Haikukunjuka.

Kwa hiyo Edah hakushangilia ile hotuba ya kitini. Alisubiri mpaka Januari, wakiwa mezani, akamweleza mumewe kwa upole unaotisha kwamba daftari la likizo pale wodini linafungwa mwisho wa Aprili. Akiwa na karatasi ya kukodi yoti mkononi ataandika wiki mbili za Septemba. Asipokuwa nayo, wiki hizo atampa muuguzi mwenzake anayezitaka kwa harusi ya dada yake, na neno Korfu lisitajwe tena ndani ya nyumba ile.

Mtu mwingine angepiga simu kwa kampuni ya yoti. Bethuel aliunda kamati.

Kamati ilikuwa na watu sita kwa sababu yoti ilikuwa na vitanda sita. Bethuel na Edah. Mzee Cleopas, mwenyekiti, ambaye amekuwa mwenyekiti wa kila kitu tangu ashuke kwenye ndege, na mkewe Peninah. Shantilal, mwenye duka la vyakula Alum Rock Road, aliyezaliwa Kisumu na ambaye Kiswahili chake kiliwaaibisha wengi wetu, na mkewe Jasumati. Kikao cha kwanza kilitumia saa mbili kujadili kama Wagiriki wanauza unga wa mahindi. Iliamuliwa kwamba hawauzi, na kwamba Shantilal atafute gunia.

Kikao cha pili kilimchagua nahodha. Cleopas alisema nahodha ni mtu mzima wa kuheshimika, akatazama dari akingoja kutajwa. Bethuel akakumbusha ile hotuba. Kura zikapigwa kwenye kofia, Bethuel akapita kwa kura nne, na Peninah, ambaye alitakiwa kumpigia mumewe, akawa anakoroga chai kwa bidii sana.

Fomu ya kampuni ilipofika kutoka London ilikuwa na swali moja gumu: taja nahodha, na ueleze sifa zake. Hapo Bethuel, kwa mwandiko wake mzuri wa kihasibu, akaandika kwamba nahodha ni Bwana B. Njoroge, aliyechaguliwa na kamati kwa kura za siri, na kwamba matokeo hayakupingwa.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, pamoja na fomu ile ile. Kampuni ilimpongeza Bwana Njoroge kwa ushindi wake. Ingependa hata hivyo kujua kama amewahi kuendesha chombo chochote majini. Kama hajawahi, itawapa nahodha wake, Mgiriki, ambaye atalala katika kitanda kimojawapo, na ambaye neno lake ndilo la mwisho wakiwa baharini.

Cleopas aliisoma barua hiyo mara mbili, akauliza inawezekanaje mtu wa kuajiriwa awe na neno la mwisho mwenyekiti akiwapo. Alitaka iandikwe barua kali: masuala yote ya kupinda kushoto au kulia yapitie kwa mwenyekiti. Tena, Mgiriki akichukua kitanda, ni nani atakayebaki Birmingham? Hakuna aliyejitolea. Ikaonekana ni heri nahodha wetu aupate huo uzoefu upesi, auandike kwenye fomu, mambo yaishe.

Jumamosi iliyofuata Pasaka, Bethuel alikodi mashua ya makasia katika ziwa la bustani ya Ward End, ziwa ambalo bata hulivuka akiwa anafikiria mambo mengine. Alivaa tai. Shantilal alikaa nyuma na saa, maana uzoefu huhesabiwa kwa muda. Edah, aliyetoka zamu, alikaa kwenye benchi na koti lake la kazi.

Mashua ilizunguka papo hapo kama mbwa anayetafuta pa kulala. Kasia moja likaondoka lenyewe. Mzee wa bustani akaita kwa kipaza sauti kwamba muda wa mashua namba tisa umekwisha. Namba tisa ikajibu kwamba ingependa kurudi, ila haijui kwa njia gani. Mwishowe walivutwa kwa mti mrefu wenye ndoano, bata wakitazama.

Bethuel alipanda ukingoni akiwa amelowa hadi magotini. Shantilal akasoma saa yake: wamekaa majini muda wa saa moja na dakika kumi na mbili.

"Hiyo inaandikika," Bethuel alimwambia mkewe. "Wameuliza kama nimewahi. Nimewahi."

Edah alimfuta majani kwenye tai.

"Baba Wanja, mimi sikuolewa na nahodha. Niliolewa na mtu wa Limuru, nikijua. Ninachotaka ni kuitazama bahari nikiwa nimekaa, na asiwepo wa kuniambia basi linaondoka. Atakayeshika usukani hata akiwa ni huyu bata, mimi nitapanda."

Bethuel alikaa kwenye benchi akavua viatu, akamwaga maji.

Kesho yake kanisani, baada ya matangazo, alisimama. Safari hii hakupanda kiti.

"Krismasi nilisema usukani nitaushika mwenyewe," alisema. "Usukani ataushika Mgiriki mmoja ambaye hatukumpigia kura. Mimi nitakuwa abiria."

Watu walicheka mpaka mpiga kinanda akakosea wimbo. Cleopas alilalamika kwamba jambo hilo halikuwa kwenye ajenda. Shantilal, aliyealikwa siku hiyo pamoja na mkewe kwa ajili ya chai, akasema kitanda cha Mgiriki kitoke kwake, kwani duka haliwezi kujiuza. Jasumati aende peke yake, amesimama nyuma ya kaunta miaka minane. Jasumati alikubali kabla mumewe hajamaliza kusema.

Jumatatu Bethuel alitumia mapumziko ya chakula kwenda posta. Kwenye fomu alifuta jina lake, akaandika kwamba wanaomba nahodha wa kampuni. Kamati hakuiuliza. Karani akamwambia barua ya kawaida ingechukua siku kadhaa, na daftari la likizo la Edah lilikuwa linafungwa wiki iliyofuata. Akanunua stempu ya daraja la kwanza. Peni nane na nusu.